UZI: Kushona kwa malipo na kushona zawadi, tupige hesabu kwa dakika na sentimita

#1 FutiKamba (Morogoro), mleta uzi

Wadau wa cherehani na sindano, salamu.

Msimu wa harusi ukikaribia swali ni lile lile: foronya za kudarizi, dera la mama mkwe, kofia ya mkono. Nishone nitoe zawadi, au nishone niuze? Na kama ni kuuza, bei gani? Nafungua uzi huu (wa maneno, si wa rola) tuongee kwa vipimo. Habari za mteja aliyetokomea na gauni tuziache, zina nyuzi zake humu.

Naanza na kima cha saa, maana mafundi wengi hupanga bei kwa kumchungulia jirani. Tuchukulie fundi anataka ibaki shilingi 400,000 kwa mwezi mfukoni. Kodi ya fremu 60,000, LUKU (umeme) 15,000, mafuta ya cherehani na matengenezo 15,000. Jumla 490,000. Anafanya kazi siku 26, saa 6 za kushona kwa siku, yaani saa 156. Gawanya: 3,141 kwa saa. Hiyo ndiyo bei ya saa yake, awe anashona sare ya shule au gauni la bi harusi.

Dera la kawaida, kitambaa cha mteja: kukata dakika 20, mishono ya pembeni 25, shingo 25, mapindo 20, pasi 15. Dakika 105. Ni kama 5,500, ongeza uzi na sindano 700, inafika 6,200.

Sasa foronya 2 za kudarizi kwa mkono. Kushona ni dakika 50 tu. Kudarizi ua la kiasi kwenye pembe ya kila foronya, saa 9 kwa moja, saa 18 kwa jozi. Kudarizi peke yake kunakuwa zaidi ya 56,000. Nani atalipa hiyo kwa foronya mbili? Kwa hiyo msimamo wangu: kazi ambayo cherehani inaifanya kwa kasi iuze, kazi ambayo saa zake hazilipiki itoe zawadi au usiifanye kabisa. Karibuni mnipinge.

#2 MamaMkasi (Dar)

Mleta uzi, hesabu nzuri ila saa 6 za kushona kwa siku ni za fundi asiyekuwa na wateja. Mwenye wateja anapima, anajaribisha, anatafuta zipu ya rangi inayofanana, anajibu simu, umeme unakatika. Weka saa 5. Saa 130 kwa mwezi, 490,000 gawanya 130 ni 3,769. Dera lako sasa ni 6,600 na vifaa 700, jumla 7,300. Na bado hujaweka dakika 15 za kumpima mteja na kumjaribisha, ambazo ni kazi kama kazi nyingine.

Hiyo tofauti ya 1,100 kwa kila dera ndiyo inayofanya fundi ashinde kwenye cherehani mwezi mzima halafu ashangae pesa imekwenda wapi.

Jingine: kwa kazi ya malipo, andika yadi za kitambaa ulichopokea mbele ya mteja, mkipime pamoja kwa futi kamba. Ukipima peke yako baada ya yeye kuondoka na ukakuta yadi 5 na nusu badala ya 6, ni neno lako na lake.

#3 BiForonya (Tanga)

Kwa kuwa foronya zimetajwa, niweke vipimo kabisa, maana zinaharibika sana kwenye kukunja.

Mto wa sentimita 50 kwa 70. Kata kipande kimoja kirefu, upana 53, urefu 166. Kitambaa cha pamba cha upana wa 115 kinatoa vipande viwili ubavu kwa ubavu, kwa hiyo yadi 2 (sentimita 183) zinatosha jozi hata baada ya kufua kwanza na kitambaa kurudi (kusinyaa) asilimia 4. Chini ya yadi 2 usijaribu.

Pinda ncha mbili fupi: kunja sentimita 1, kisha 2, piga mshono. Unabaki na 160, yaani 70 ya nyuma, 70 ya mbele na 20 ya ulimi unaoficha mto.

Laza kitambaa uso juu. Shika ncha ya upande wa nyuma, ikunje hadi alama ya 140, uso kwa uso. Kisha, na hapa ndipo penye kazi, kunja ulimi wa 20 uje JUU ya huo mkunjo. Shona pembeni mbili kwa sentimita 1.5, piga ovaloki (mshono wa kuzuia kingo zisifumuke), geuza. Ukikunja ulimi kwanza na kuuweka katikati, ukigeuza utautokeza nje kama sikio la mbuzi, na itabidi ufumue.

Anayedarizi adarizi kabla ya kushona. Uso wa mbele ni ule ulio kati ya sentimita 73 na 143 kutoka ncha ya nyuma (kabla ya kupinda). Ua likae sentimita 8 ndani ya kila ukingo, lisiishie kwenye mshono wala kumkwaruza mtu shavu. Uzi wa kudarizi una nyuzi 6 ndani yake. Chomoa 2 kwa majani na mistari, 3 kwa petali. Urefu wa uzi usizidi sentimita 45. Wenye haraka huweka mita nzima ili wasitunge sindano mara kwa mara, halafu uzi unachakaa kwa kupita kitambaani mara nyingi mno na petali za mwisho zinatoka na manyoya.

Usifunge fundo nyuma. Acha sentimita 3, zipitishe chini ya mishono. Fundo huchomoza uso wa pili ukipiga pasi, na kwenye foronya mtu analalia. Ile fremu ya duara inayokaza kitambaa itoe kila ukimaliza kazi ya siku, ikilala wiki nzima kwenye kitambaa inaacha pete isiyotoka.

#4 mgeni_wa_sindano

Wakuu samahani kuingilia. Nataka kudarizi uzi mwekundu kwenye foronya nyeupe. Nimeambiwa niloweke uzi kwenye chumvi ili usichuje. Kweli?

#5 Nyuzi_na_Rangi (Mwanza)

@mgeni_wa_sindano hapana. Chumvi ina kazi yake kiwandani wakati uzi UNATIWA rangi, husaidia rangi kuingia kwenye pamba. Uzi ukishatoka kiwandani, chumvi au siki ya jikoni haifungi rangi iliyokuwa haijashika.

Fanya hivi. Lowesha kipande cha uzi, kiweke juu ya kitambaa cheupe chenye maji, piga pasi ya moto juu yake sekunde 10. Kikiacha alama ya waridi, osha uzi wote kwa maji baridi, badili maji mpaka yawe meupe, anika kivulini, rudia jaribio. Baada ya mara 4 au 5 bado unatoa rangi? Usiutumie kwenye nyeupe.

Jaribio la pili ni la kitambaa chenyewe. Vuta nyuzi chache, zichome kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na majivu yake husagika kidoleni. Plastiki (poliesta) huyeyuka na kubaki kidonge kigumu cheusi. Vitenge vingi vya bei ya chini vina plastiki. Havirudi ukifua, hilo ni jema, lakini pasi ya pamba inaviyeyusha, na sindano butu inavuta nyuzi. Sindano namba 11 mpya kwa plastiki nyepesi, 14 kwa kitenge cha pamba na khanga, 16 kwa dengrizi.

#6 LesoMbili (Mombasa)

Nyinyi mwazungumza foronya za saa 18, na mimi nawaletea kazi ndogo kabisa inayolipa: kupinda leso.

Leso huuzwa mbili zikiwa zimeungana, doti. Wazikata katikati, kila moja kama sentimita 150 kwa 110. Pande ndefu ni ukingo wa kiwandani, hazifumuki. Pande fupi ndizo za kupinda, 2 kwa kila leso, jumla 4. Mara 110 ni mita 4 na sentimita 40 za pindo. Ukiwa na mguu wa cherehani wa kupindia, ule wenye kijipindo cha chuma kinachokunja kitambaa chenyewe, doti moja haimalizi dakika 20. Kwa kima cha MamaMkasi ni kama 1,250. Mtu anasimama mlangoni, unampindia, anaondoka. Hakuna kupima kifua wala kujaribisha.

Ikiwa ni zawadi, soma JINA kabla ya kununua, si rangi. Leso ina pindo (urembo wa ukingoni), mji (mchoro wa katikati) na jina (maandishi). Umpelekee mke wa ndugu yako leso imeandikwa "Mdomo uliponza kichwa" halafu useme ulipenda maua! "Nani kama mama" haigombanishi watu. Na ukikata leso kushona kitu kingine, jina lisikatwe katikati ya neno. Kwa mto wa kochi wa 40 kwa 40, kata mraba wa 43 uchukue ua la mji katikati. Pindo na jina vibaki kwa kazi nyingine, mfano ukanda wa chini wa aproni.

#7 MamaMkasi (Dar)

@LesoMbili sahihi, na ongeza kwamba khanga mpya ina wanga mwingi. Ukipinda kabla ya kufua, ikifuliwa pindo hujikunja kama mkia wa nguruwe, kwa sababu kitambaa kimerudi baada ya kushonwa. Kwa mteja mwenye haraka pinda hivyo hivyo, ila legeza uzi wa juu nusu namba na mshono uwe milimita 3. Kwa zawadi fua kwanza.

#8 kipande_kwa_kipande

Naomba niulize jambo ambalo mafundi huwa hawapendi. Mabaki ya kitambaa cha mteja ni ya nani? Naona watu wanashona mifuko na vibanio vya nywele kutoka kwenye mabaki, wanawapa ndugu zao, wengine wanauza.

#9 FutiKamba

Ya mteja. Amenunua yadi 6, gauni limekula 4, mbili ni zake. Kipande kinachozidi shibiri mbili namrudishia kikiwa ndani ya mfuko pamoja na nguo. Chini ya hapo, nikimwambia na akasema "kaa nacho", nakaa nacho.

#10 Mzee_wa_Ovaloki (Arusha)

Mkuu, kimaadili uko sawa, ila kiutendaji fundi anayeshona sare za shule 30 kwa jora la shule anabaki na gunia la vipande vya ukubwa wa kiganja. Atavirudisha kwa nani, kwa mwalimu mkuu? Viandikwe tu kwenye makubaliano ya mwanzo: "vipande chini ya sentimita 30 vinabaki kwa fundi". Mstari mmoja kwenye risiti, yameisha.

Kuna sababu nyingine ya kumrudishia mteja kipande, nje ya uaminifu: akinenepa, kipande ndicho kinachokuokoa. Ndiyo maana nguo ya malipo huachiwa inchi 1 nzima kwenye mishono ya pembeni na upindo wa inchi 2 chini. Nguo ya zawadi wengi hushona kwa sentimita 1 ili ndani pawe pasafi, halafu mpewa akiongezeka kidogo nguo inakwenda kabatini. Tumia uachiaji wa kazi ya malipo kwenye zawadi.

Na jora: sare za harusi, hata kama unawashonea dada zako bure, nunua kitambaa chote siku moja kutoka jora moja. Kitenge cha mchapo ule ule kutoka jora la pili kinaweza kuwa na bluu iliyopauka kidogo. Dukani huoni, kwenye picha ya pamoja unaona.

#11 BintiViua (Unguja)

Mmezunguka kote hamjafika kwenye kofia, na kofia ndiyo inayovuruga ule mpaka wa mleta uzi. Kofia ya viua (vitundu vilivyozungushiwa mshono) ya mkono ni kazi ya saa nyingi kuliko foronya, lakini inauzwa tangu zamani. Na ni hiyo hiyo ambayo mke humshonea mumewe na mama humshonea mwanawe. Kwa hiyo si kweli kwamba kazi ya mkono haina soko. Ina soko pale mnunuzi anapojua kusoma mshono.

Vipimo kwa kichwa cha sentimita 57. Duara la juu: 57 gawanya 3.14 ni kama 18.1, hicho ndicho kipenyo kwenye mstari wa mshono. Ongeza sentimita 1 kila upande, 20.1. Ukanda wa pembeni: urefu 57 na 2 za mshono, 59, kimo 9 na 2, yaani 11. Lakini USIKATE kwa vipimo hivyo mwanzoni. Mishono hula kitambaa. Chora na ushonee kwenye kipande kikubwa, ukanda 64 kwa 14, duara kwenye mraba wa 25, tabaka mbili za bafta iliyofuliwa, zikapigwa bandi (mishono mirefu ya muda) kila sentimita 4 zisiteleze. Ukimaliza viua vyote ndipo upime upya na kukata. Anayekata mapema hupata kofia ya 55 na kuigawa kwa mtoto wa jirani.

Chora kwa penseli isiyokolea. Kalamu ya wino ukifua husambaa ndani ya pamba na haitoki tena.

Kiua: toboa kwa sindano nene yenye ncha, usikate kwa mkasi. Kutoboa kunazisukuma nyuzi pembeni, zinabaki nzima na zinabanwa na mshono. Kukata kunaziua, na baada ya kufua mara 5 au 6 tundu linaanza kutoa ndevu. Zungushia mishono 16 hadi 20, vuta kila mmoja kwa nguvu ile ile. Ukivuta zaidi upande mmoja, tundu linakuwa yai.

Muda: tuseme viua 600, kila kimoja dakika 4. Saa 40, bado mistari ya kujaza na kuunga. Kwa kima cha MamaMkasi viua peke yake ni 150,000 na ushei.

Kuunga: gawa duara sehemu 4, gawa ukanda sehemu 4, alama zikutane, piga bandi, ndipo ushone kwa mkono mishono ya kurudi nyuma. Usianze sehemu moja na kuzunguka tu, utafika mwisho una ziada ya sentimita 1 na kofia itakaa upande.

#12 Maskati_Barua

Bibie BintiViua umesema kweli. Huku Omani kofia ya mkono na ile ya Unguja ni za ukoo mmoja, na watu wenye asili ya Zanzibar wanaijua kazi hii. Kofia za mashine zimejaa sokoni kwa bei ndogo, za mkono zinabaki ghali, na wapo wanaouza ya mashine kwa bei ya mkono.

Namna ya kutambua: igeuze ndani. Ya mashine ina uzi wa chini wa bobini, mstari mwembamba ulio sawa kabisa, na viua vyote vinafanana kama mapacha. Kingo za matundu ni ngumu. Ya mkono, uzi wa ndani ni ule ule wa nje, unaruka kutoka kiua hadi kiua, na ukitazama sana utaona hitilafu ndogo. Anayeuza aioneshe ndani bila kuombwa, anajipandishia bei mwenyewe.

Kufua: maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji, usikamue. Ikiwa bado na unyevu ivalishe kwenye bakuli au sufuria yenye mzingo wa kichwa chenyewe, ikaukie hapo. Ikikaukia kambani inarudi na duara linabonyea.

#13 KroshiaNyeri

Hamjambo. Huku kwetu vitambaa vya kochi ndivyo vinavyopewa watu kwenye harusi, na kila mtu anauliza "utanitoza ngapi seti?" Jibu bila kukisia: fuma mraba wa sentimita 10 kwa 10, pima muda, pima uzito wa uzi kwa mizani ya jikoni. Kitambaa cha 40 kwa 40 ni miraba 16. Mraba ukichukua dakika 50, kitambaa ni dakika 800, saa 13 na dakika 20. Seti ya vitambaa 6 ni saa 80. Mtu akisikia saa 80 anaacha kuomba bei ya rafiki.

Kinachoharibika: kitambaa cha duara kisicholala. Kikijikunja kama bakuli, mishono ni michache kwa mzunguko. Kikifanya mawimbi, ni mingi. Kwa mishono mirefu (unazungushia uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuchoma), anza na 12 na uongeze 12 kila mzunguko: 12, 24, 36, 48. Hesabu kila mzunguko, usingoje wa kumi.

Wanga: vijiko 2 vya wanga wa mahindi kwa kikombe 1 cha maji baridi, koroga, pika hadi iwe nzito na yenye kung'aa, ongeza maji hadi iwe kama uji mwepesi. Chovya, bana kwa pini juu ya godoro lililofunikwa taulo, acha ikauke. Ukihifadhi kwa ajili ya zawadi ya miezi ijayo USITIE wanga. Mende na panya wanaupenda kuliko wewe.

#14 FutiKamba

@BintiViua nakubali, kofia imevunja hoja yangu. Niirekebishe: kazi ya mkono inauzika pale mnunuzi anapoweza kuikagua. Foronya haina mkaguzi.

#15 KroshiaNyeri

Hata foronya inauzika ukipunguza. Badala ya ua la saa 9, darizi herufi mbili za majina ya maharusi, kimo sentimita 4. Dakika 45 hivi. Kwa kima cha hapo juu ni 2,800 juu ya bei ya foronya. Hiyo mtu analipa bila kununa. Ua kubwa liachie dada yako.

#16 mgeni_wa_sindano

Asante kwa jibu la chumvi. Nina jingine: nataka kumshonea shangazi dera la kumshtukiza, siwezi kumpima. Nina yadi 3 za kitenge. Na bei ya undugu je, akija baadaye na vitambaa vyake?

#17 MamaMkasi (Dar)

Kuhusu dera. Yadi 3 ni sentimita 274, ukifua inabaki kama 263, kila upande 131. Shangazi mfupi sawa, mwenye urefu wa wastani itamfika juu ya kifundo. Chukua yadi 3 na nusu.

Upana hauna shida: kitenge cha 115 mbele na 115 nyuma kinampa mzunguko wa 230. Vya kuvizia ni viwili, urefu na shingo. Urefu upate kwenye dera lake la zamani kambani, begani hadi pindo.

Shingo ndiyo inayowaumbua watu. Ukikata upana wa 18 na kina cha mbele 10, mzunguko hauzidi 50. Kichwa ni 57. Halipiti! Itabidi upasue mbele na hukupanga. Kata upana 22, kina cha mbele 14, nyuma 3, utapata kama 63. Kabla ya kukata, simamisha futi juu ya mstari wa chaki na uizungushe. Chini ya 60 usikate. Kumbuka mshono ukila sentimita 1 ndani, tundu huongezeka, kwa hiyo chora mstari wa mshono kwanza, kisha ukate ndani yake. Ukishashona kitambaa cha shingo, pasua vijichale kila sentimita 1.5 kwenye mviringo ukikaribia mshono bila kuugusa, vinginevyo shingo itajaa makunyanzi.

Tazama mchoro pia. Kitenge chenye ndege, samaki au maandishi kina juu na chini. Ukikunja begani bila kukata, mgongoni ndege watalala miguu juu. Kata vipande viwili, uweke mshono wa bega.

#18 Mzee_wa_Ovaloki (Arusha)

Bei ya undugu: chagua moja. Bei kamili au bure. Nusu bei ndiyo mbaya kuliko zote, ndugu anadai tarehe kama mteja na anadai msamaha kama ndugu. Ukitoa bure, sema mapema ni kitu kimoja gani na kitakuwa tayari wiki gani, kisha andika risiti ya bei kamili, uikate mstari na umpe. Akirudi na vitambaa vitatu anajua tayari kila kimoja kina bei gani.

Na tarehe. Kazi za malipo zenye kianzio zikae mbele kwenye foleni. Zawadi ipewe masaa yake, mfano Jumapili jioni, isiingizwe kati ya oda mbili. Kila ukibadili rangi ya uzi, bobini na mguu wa cherehani unapoteza dakika 10.

#19 mgeni_wa_sindano

Shukrani. Swali la mwisho kabisa, mtoto wa dada anazaliwa mwezi ujao. Kofia na kishati, vifungo au utepe?

#20 BiForonya (Tanga)

Vyote hapana. Kifungo kikichomoka kinakwenda mdomoni, utepe wa shingoni unakaba. Kishati cha mabega yanayopishana, kama bahasha, kinavalika bila kifungo chochote. Mishono ya ndani iwe bapa: shona, kata ziada ibaki milimita 5, laza upande mmoja, pitisha mshono wa pili juu yake. Ovaloki ya uzi wa plastiki inakwaruza ngozi ya kichanga, na kipande kimoja cha uzi uliosahauliwa ndani kinaweza kujizungusha kwenye kidole chake. Ukimaliza geuza ndani, tafuta nyuzi zote kwa kidole, zikate. Kisha fua bila kitu chenye harufu, anika juani, funga.

Mto usimtengenezee. Mtoto chini ya mwaka mmoja halalii mto, hata uwe umedariziwa vipi. Ukibakiwa na yadi ya kitambaa, shona nepi 4 za mraba wa 60.

#21 mgeni_wa_sindano

Mraba wa 60 kwenye kitambaa cha 115 haviingii viwili ubavu kwa ubavu.

#22 BiForonya (Tanga)

Umejifunza. Kata 55 kabla ya kupinda, na kwa nepi 4 uwe na mita 1 na robo, si yadi.